Kiongozi wa hoteli mtafute kwenye kabati la shuka

Kila zinapotangazwa tuzo za mameneja bora wa hoteli, sifa ni zilezile: ana maono, ana mvuto, anapenda watu, amepandisha mapato. Hakuna anayesifiwa kwamba hoteli yake ina shuka za kutosha. Hilo linanikera, maana ukitaka kujua hoteli inaongozwa vipi, mapokezi hapatakuambia kitu. Pale kuna maua na watu waliofundishwa kutabasamu. Panda ghorofani, fungua kabati la wahudumu wa vyumba, anza kuhesabu.

Kila kitanda kinahitaji seti tatu za shuka kwa uchache: moja imetandikwa, moja iko kwa dobi, moja imepumzika kwenye rafu. Kama dobi ni wa nje, anachukua leo na kurudisha kesho kutwa, hesabu inapanda hadi nne au tano. Zikipungua chini ya tatu, shuka hutoka kwenye mashine ya kukaushia na kurudi kitandani ingali ya moto. Inafuliwa mara nyingi zaidi kuliko ilivyopaswa, inachakaa upesi, na zile chache zilizopo nazo zinazidi kupungua. Matokeo yake unayaona saa nane mchana: mgeni yuko mapokezi na mabegi yake, chumba kimeshasafishwa chote isipokuwa kitanda, na mhudumu anazunguka ghorofa kwa ghorofa akitafuta foronya mbili.

Hapo ndipo watu wanapoanza kuficha. Shuka zinawekwa chini kabisa ya kitoroli, taulo nyuma ya mabomba ya stoo, foronya ndani ya ndoo safi. Meneja asiyeijua kazi hii huuita wizi. Anaitisha kikao, anagomba, anaweka kufuli kwenye kabati na ufunguo anampa supavaiza mmoja. Kuanzia siku hiyo kila mhudumu anapoteza muda wake akimtafuta supavaiza, na kuficha kunaongezeka, kwa sababu sasa kupata shuka ni kugumu kuliko jana.

Anayeijua kazi hufanya kitu kingine. Anasimamisha mzunguko wa nguo kwa saa mbili siku ambayo wageni ni wachache, na watu wanahesabu kwa pamoja: vitandani, kwa dobi, kwenye rafu, kwenye vitoroli. Lazima pote pahesabiwe kwa wakati uleule, siku ileile, maana ukihesabu rafu leo na dobi kesho, shuka ileile itahesabiwa mara mbili. Anatangaza mapema kwamba kilichofichwa kikitolewa hakuna atakayeulizwa. Anaondoa zilizochanika na zenye madoa yasiyotoka, zinageuzwa vitambaa vya kufutia. Kinachopungua anakinunua, na fedha hizo anazipigania kwa wenye hoteli kwa hesabu mkononi. Watu wakishazoea kukuta rafu imejaa kila asubuhi, hakuna anayejisumbua kuficha tena.

Nimeanza na shuka kwa sababu ndipo panapoonekana kwa macho. Lakini kitu ambacho mameneja wengi huwaibia wafanyakazi wao ni dakika, na hapa naomba tuende polepole.

Zamu ya saa nane ni dakika 480. Toa 30 za chakula. Toa 20 za asubuhi, za kupokea orodha ya vyumba na kupanga kitoroli, na 10 za jioni za kumwaga taka na kurudisha funguo. Zinabaki 420. Chumba ambacho mgeni ameondoka, kikifanywa sawasawa, kinakula dakika 40 hivi. Chumba cha mgeni anayeendelea kukaa kinakula 20. Sasa mhudumu anapewa vyumba 16, nusu wageni wameondoka na nusu wangali wanakaa. Nane mara 40 ni 320, nane mara 20 ni 160, jumla 480. Kabla hajagonga mlango wa kwanza, amekwisha kupungukiwa na saa nzima.

Saa hiyo inatoka wapi? Meneja anadhani inatoka kwenye bidii. Haitoki huko. Inatoka kwenye muda wa chakula, unaoliwa kwa kusimama kwenye ngazi za nyuma, na inatoka kwenye yale ambayo mgeni hawezi kuyaona: chini ya kitanda, rimoti ya televisheni, swichi za taa, glasi za bafuni.

Glasi za bafuni ndizo zinazoniumiza kuliko vyote. Njia sahihi ni kuzitoa chumbani zilizotumika, kuzipeleka kwenye mashine ya kuoshea vyombo, na kuweka nyingine zilizotoka huko zikiwa zimefunikwa. Mhudumu asiye na dakika, au ambaye kwenye kitoroli chake hakuna trei ya glasi safi, anazisuuza kwenye sinki la kunawia na kuzikausha kwa kitambaa kilichoko mkononi. Kitambaa hicho dakika tatu zilizopita kilikuwa kinafuta kingo za bafu, na pengine mahali pabaya zaidi. Glasi inatoka inang'aa. Supavaiza anapita, anaiinua kwenye mwanga, anatia tiki. Usiku mgeni anaijaza maji na kumeza dawa zake.

Jibu la kawaida ni kubandika ukutani bango la vitambaa vya rangi: nyekundu kwa choo, rangi nyingine kwa sinki, nyingine kwa vioo, nyingine kwa samani. Utaratibu ni mzuri, siupingi. Lakini chumba kimoja kinataka vitambaa vinne, na vyumba 14 vinataka 56. Ukimpa mhudumu vitambaa 20 asubuhi, rangi zimekwisha kazi kwenye chumba cha tano, na bango linabaki ukutani likimshtaki mtu aliyenyimwa vifaa.

Kwa hiyo ninaposema kiongozi, namaanisha mtu ambaye kabla ya kupanga idadi ya vyumba amechukua kitoroli, akasafisha vyumba vitatu vya aina tofauti mwenyewe, huku saa inahesabu. Godoro analiinua kwa mgongo wake. Akishamaliza, anaacha kuhesabu vyumba na kuanza kuhesabu uzito wa kazi. Chumba kilichoachwa na mgeni kiwe alama 2, cha anayeendelea kukaa alama 1, kitanda cha ziada au chumba kilicholaliwa na familia kiongezewe alama moja. Dakika 420 gawanya kwa 20 ni alama 21. Siku ya wageni wengi kuondoka, vyumba 8 vilivyoachwa na 5 vya wanaokaa vinatosha: ni vyumba 13, na mhudumu amejaza zamu yake kikamilifu. Siku ambayo wengi wanakaa atafanya 16 au zaidi bila kuumia. Mhudumu wa ghorofa ya tatu na wa ghorofa ya sita wanabeba mzigo sawa, na manung'uniko ya kwamba fulani anapendelewa yanaisha.

Najua wenye hoteli watasema nini: wahudumu wakiongezeka, gharama zinaongezeka. Ni kweli, nakubali, ingawa nakubali kwa shingo upande. Chumba kisichouzwa leo hakiuziki kesho, na meneja asiyejua kusoma namba huzamisha ajira za wale wale anaodai kuwapenda. Ila namba zisomwe zote. Hoteli ya vyumba 100 iliyojaza 80 kwa bei ya 70 inaingiza 5,600. Iliyojaza 60 kwa bei ya 100 inaingiza 6,000, na imefua shuka chache, imetumia sabuni na maji kidogo, imechosha watu wachache. Meneja anayeshusha bei kila mara ili ajaze nyumba, kisha anashangaa kwa nini vyumba ni vichafu, ndiye aliyevichafua.

Jikoni ni mantiki ileile. Sufuria ya lita 40 ya supu ikiachwa mezani ipoe yenyewe, katikati yake inabaki vuguvugu usiku kucha, na bakteria wanapenda sana joto la kati ya nyuzi 5 na 60. Kanuni ya chakula inayofuatwa Marekani inataka kitu cha moto kishuke kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha hadi 5 ndani ya saa nne zinazofuata. Mpishi hawezi kulifikia hilo kwa kukaripiwa. Anahitaji trei pana zisizo na kina, barafu, na friji isiyofurika. Avinunue nani?

Tuje mapokezi, ambako kosa kubwa ni kumweka binti au kijana mbele ya mgeni mwenye hasira bila uwezo wowote mkononi. Kiyoyozi kimekufa saa tano usiku, mgeni anafoka, naye mhudumu hana ruhusa hata ya kufuta bili ya chakula cha jioni. Anabaki kusema "samahani" mara sita. Kampuni ya hoteli ya Ritz-Carlton ilijulikana duniani kwa kumruhusu mfanyakazi yeyote kutumia hadi dola 2,000 kwa mgeni mmoja kutatua tatizo bila kuomba kibali cha bosi. Si lazima kiwango chako kiwe hicho. Kiwe bei ya usiku mmoja. Lakini kiandikwe, kijulikane, na siku mfanyakazi atakapokitumia vibaya afundishwe faraghani. Meneja anayetokea na kumgeuka mfanyakazi wake mbele ya mgeni amefundisha zamu nzima kwamba usalama wao uko kwenye kutoamua chochote.

Na kuna usiku wa kuuza vyumba kupita idadi. Karibu kila hoteli hufanya hivyo, maana baadhi ya walioweka nafasi hawatokei. Siku hesabu ikikosea, mtu atakosa chumba, na kinachotokea mara nyingi ni kwamba mameneja wote wameshakwenda nyumbani na kijana wa zamu ya usiku ndiye anayempa mgeni habari hiyo saa sita. Kiongozi huangalia orodha saa nane mchana. Ikionekana imezidi, palepale anapiga simu hoteli ya jirani yenye hadhi sawa au zaidi na kushika vyumba vikiwa bado vipo. Anachagua nani atahamishwa: mgeni wa usiku mmoja anayefika peke yake, kamwe si familia yenye watoto wala mgeni wa miaka mingi. Hoteli inalipa usiku huo, inalipa gari kwenda na kurudi, na kama mgeni anaendelea kukaa, kesho chumba chake kinamngoja. Kisha, na hapa wengi hukimbia, meneja mwenyewe anasimama kaunta kumpokea na kumwambia.

Watu hudhani uongozi wa hoteli unaonekana siku ya janga. Novemba 2008 wenye silaha waliposhambulia Mumbai, wafanyakazi wengi wa hoteli ya Taj Mahal Palace walibaki ndani wakati njia za kutokea walikuwa wanazijua kuliko mtu yeyote. Waliwaficha wageni, waliwatoa kwa milango ya jikoni, na baadhi yao waliuawa wakifanya hivyo. Meneja mkuu, Karambir Singh Kang, aliendelea kusimamia uokoaji huku mke wake na watoto wake wawili wakiwa ghorofa ya sita iliyokuwa inaungua. Wote watatu walifariki. Siwezi kuandika habari hiyo bila kunyamaza kidogo. Lakini hakuna meneja anayeweza kuamuru ujasiri wa namna ile kwa redio ya mkononi usiku wa mashambulizi. Mpishi hasimami mbele ya mgeni kwa ajili ya nyumba iliyomhesabia vijiko. Alichokuwa ametendewa katika Jumanne za kawaida, miaka mingi kabla, ndicho alichokuwa nacho usiku ule.

Ndiyo maana nasisitiza mambo madogo. Ratiba ya zamu, kwa mfano. Kumaliza baa saa sita usiku na kurudi saa kumi na mbili kuandaa chai ni kumpa mtu saa sita za kusafiri, kuoga na kulala. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka saa 11 za mapumziko kati ya siku mbili za kazi, na hata pale ambapo sheria haidai hivyo, mwili unadai. Ratiba itoke wiki mbili kabla, ikae mahali wote wanaiona, na atakayeibadilisha ampigie simu mhusika badala ya kufuta jina lake kwa kalamu usiku. Bakshishi na ada ya huduma zigawanywe kwa karatasi inayosomeka, jina kwa jina, na waosha vyombo wawemo, kwa sababu sahani safi ni sehemu ya kile mgeni alicholipia.

Kwa wenye hoteli wanaotafuta meneja mpya: mkishamaliza kumuuliza kuhusu maono yake, muulizeni kule anakotoka kila kitanda kilikuwa na seti ngapi za shuka, mhudumu mmoja alikuwa anafanya vyumba vingapi, na mtu wa mapokezi alikuwa na ruhusa ya kutumia kiasi gani. Akijibu kwamba hayo yalikuwa ya mkuu wa idara, mshukuruni na muite anayefuata.