Mchukuzi Anayepiga Besi

Jamani, juzi mtu kaniuliza nafanya kazi gani, nikamjibu kifua mbele: mwanamuziki. Baadaye nikakaa nikapiga hesabu, nikaona nimemdanganya mtoto wa watu. Siku ina saa 24. Jukwaani nakaa dakika 40, tena hizo ni pale ambapo bendi iliyotutangulia haikunogewa. Saa zinazobaki ama napanga mizigo, ama nabeba mizigo, ama nimekaa juu ya mizigo namsubiri mwenye ufunguo wa mlango wa kupitishia mizigo. Kwa hiyo ukiniuliza leo, mimi ni mchukuzi. Besi napiga nikipata nafasi.

Na sikulazimishwa na mtu, besi niliipenda mwenyewe. Spika yangu ni ile kubwa ya koni nane, kila koni inchi kumi. Wapiga besi wameipachika jina la friji, na aliyetoa jina hilo hakulitoa akiwa amekaa kwenye kochi, hakika alikuwa ameishika upande mmoja. Ina kilo 60 na ushee. Magurudumu inayo, sikatai, lakini tangu lini magurudumu yakapanda ngazi? Na sijapata kuona ukumbi wa bendi ndogo uliolingana na barabara. Kama hauko chini ya ardhi, basi uko ghorofani, na lifti ipo, ila leo mbovu.

Sasa tazama tunavyogawana kazi. Mpiga drams simlaumu, yule ana vyombo vingi kuliko mtu anayehama nyumba. Mpiga gitaa anashuka na gitaa mgongoni na kimkoba cha pedali mkononi, anatembea kama anakwenda ofisini. Mwimbaji je? Mwimbaji anashuka na koo. Basi. Kajifunga skafu, kakumbatia chupa ya maji, na ukimwambia "njoo ushike huku" anakuonyesha shingo kwa kidole halafu anatikisa kichwa taratibu, kama mgonjwa. Anapumzisha sauti. Na kule kwenye gari alikuwa anapumzisha nini? Kilomita 400 nzima katusimulia habari za mchumba aliyemwacha, mpaka leo wote tunaijua rangi ya sanduku aliloondoka nalo.

Halafu kwenye gari friji linakaa nyuma ya kisogo changu. Kila dereva akikanyaga breki, natubu.

Tukifika, tumeambiwa saa kumi kamili tuwe tumepanga vyombo. Saa kumi tupo. Fundi mitambo anaingia saa moja kasoro, anapiga miayo, anaanza kupima sauti. Ngoma ile ya kupigwa kwa mguu inachukua dakika 20. Du. Du. Du. "Tena." Du. "Tena." Mpaka na mimi moyo umeshika mapigo yake. Zamu yangu inafika, napiga noti moja, moja tu, naambiwa, "Besi iko vizuri, nani anafuata?" Usiku sasa, katikati ya wimbo wa pili, ananipungia mkono kutoka kwenye meza yake: shusha. Nashusha. Shusha tena. Nashusha mpaka friji limebaki pambo.

Maana kuna jambo ambalo watu hawalijui, na mimi nalisema kwa uchungu. Besi yangu inaingia kwenye kisanduku kidogo kama kiganja, na waya unatoka hapo kwenda moja kwa moja kwenye mitambo ya ukumbi. Watazamaji wanasikia kile kisanduku. Friji nalisikia mimi na mpiga drams, na mpiga drams ameziba masikio. Utaniuliza, sasa unalibebea nini? Nimeulizwa sana. Kwanza deni lake bado halijaisha. Pili, jukwaa likiwa tupu nyuma yangu naonekana kama mtu aliyepotea njia akaazimwa besi.

Kulala, tunalala sakafuni kwa yeyote aliyependa shoo. Wiki iliyopita mpiga drams kalalamika kwamba paka wa mwenye nyumba kamlalia usoni. Nikamtia moyo: wenzetu The Beatles mwaka 1960, kule Hamburg, walilazwa stoo nyuma ya pazia la sinema ya Bambi Kino, jirani na vyoo. Akaniambia, wale walikuwa The Beatles. Nikamwambia wakati ule hawakuwa bado, walikuwa vijana wa vyooni tu. Akageukia ukutani na paka wake.

Pesa nisizizungumzie sana, nitalia. Mgawo wa viingilio unakuja umeshakatwa matangazo, fundi na mlinzi. Tunategemea fulana, na kuna kumbi zinataka asilimia hata kwenye fulana, fulana tulizozikunja kwa mikono yetu! Mtandaoni nako, Spotify tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu. Wa kwetu ulikwama kwenye 964. Mama yake mpiga gitaa alijitolea kuusikiliza, ila alifika mara ya nne akasema kichwa kinamuuma.

Juzi tumemaliza shoo, nalikokota friji kuelekea kwenye ngazi, akanijia kaka mmoja kalowa jasho la kucheza, macho yanamng'aa. "Nyie mnafaidi bwana. Leo mji huu, kesho mji ule, kazi yenu raha tu." Nikamwambia asante kaka, hebu nishikie huku kidogo. Akashika kwa furaha kabisa. Ngazi ya kwanza anacheka. Ya tatu kanyamaza. Ya sita katuliza friji kwenye paja, anahema, anatazama huku na huku.

"Hivi," akaniuliza, "yule mwimbaji wenu yuko wapi?"

"Anapumzisha sauti."

Na kutoka huko chini, ndani ya gari, tukaisikia ile sauti iliyopumzishwa inamwelezea dereva lile sanduku.