Usiniambie nikae nao tu

Juzi, katika ofisi ya walimu ya shule moja ya kata hapa Moshi, nimeambiwa neno ambalo mpaka sasa linanikaba kooni. Nilikuwa naomba chaki. Mwenzangu akanijibu: "Mwalimu, wewe si unashikia tu? Kaa nao, wasipige kelele, basi."

Ninayemshikia vipindi yuko likizo ya uzazi. Siku 84 kwa sheria, na ni haki yake kabisa. Ila siku 84 ni wiki 12, na darasa lenyewe ni Kidato cha Pili, wenye upimaji wa taifa mwisho wa mwaka. Wakikaa wiki 12 wakinakili notisi, nani atawarudishia?

Sawa, wiki ya kwanza walinisumbua sana. Nikiita mahudhurio huyu anaitikia jina la yule, nikigeukia ubao chaki inaruka. Ni watoto wa miaka 14, na wamewazoea walimu wa kupita. Nilikaa usiku mbili nikikariri majina, zaidi ya hamsini. Nilipoanza kuwaita kwa majina, bila daftari, wakatulia.

Halafu ikaja Jumanne ya usanisinuru, jinsi jani linavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Nimeeleza kwa Kiingereza, nimeuliza, kimya. Miaka saba ya msingi wamesoma sayansi kwa Kiswahili, wakaingia sekondari lugha ikageuka. Nikawaambia: semeni kwa Kiswahili, Kiingereza tutakitafuta pamoja. Kijana mmoja wa dirishani, ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake, akasimama. Akatazama mlangoni kwanza, kuona kama kuna mwalimu anapita. Ndipo akasema:

"Mwalimu, kama jani linataka jua, mbona kahawa ya babu iko chini ya migomba na inazaa?"

Jamani! Kila siku anapita kwenye kihamba kile, shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, akishuka shule, na swali lilikuwa linamsubiri mtu wa kuliuliza. Binti wa nyuma akadakia kwamba majani ya mgomba yamechanika, mwanga unapenya. Mwingine akasema kahawa ya juani huwa ya njano. Nikawaambia asili ya mti huu wa kahawa ni misitu ya Ethiopia, chini ya miti mirefu, kwa hiyo mwanga wa kuchujwa unautosha. Kengele ikalia, hakuna aliyeinuka.

Darasa hilo ndilo ninaloambiwa nikae nalo tu.

Habari ya posho inayotoka kwenye michango ya wazazi, tena kwa kuchelewa, nitaiandika siku nyingine.

Mwenye darasa anarudi Jumatatu. Nimemwandikia kurasa mbili: tumefika wapi, nani haoni ubao asogezwe mbele, nani anaelewa lakini Kiingereza kinamfunga mdomo. Jina la kijana wa dirishani nimeliweka la kwanza, na swali lake chini yake, neno kwa neno.