Niulizeni tangi kabla ya farasi

Kidole gumba cha mkono wa kulia cha yule kijana kilikuwa kimegeuka rangi ya nta. Nilimvua glavu mimi mwenyewe, maana vidole vyake havikuwa na nguvu hata ya kufungua zipu. Nikamwambia akitie kwapani, kwenye ngozi kabisa, asikitoe mpaka nimwambie. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, Februari mwaka jana, kwenye kibanda cha mbao kando ya njia ya North Shore, kaskazini mwa Minnesota. Nyuzi 24 chini ya sifuri. Sledi yake mpya, yaani pikipiki ya theluji inayokwenda kwa mkanda wa mpira badala ya magurudumu, ilikuwa imezimika hatua kumi kutoka pale, tangi kavu, na mpira wa kunyonyea mafuta bado unaning'inia kwenye sledi yangu.

Nimelibeba jambo hili zaidi ya mwaka mzima bila kuliandika. Wiki hii kijana mwingine, wa Saint Paul, amenipigia simu. "Shikamoo kaka. Nataka kununua sledi ya safari ndefu. Ipi ina farasi wengi?" Farasi, yaani nguvu ya injini. Nikaitikia marahaba, nikanyamaza kidogo, kisha nikamwambia nitampigia baadaye. Sikutaka kumjibu kwa hasira isiyomhusu. Jibu langu ndilo hili, na naliandika hapa ili wengine mlisome pia, kwa sababu najua mko wengi mnaopiga hesabu za kununua kabla theluji haijashika.

Yule wa mwaka jana alikwenda dukani na akiba ya miaka miwili ya zamu za usiku. Muuzaji alimuuliza anapenda kwenda kasi kiasi gani. Hakumuuliza anakwenda wapi, analala wapi, anasafiri na nani, wala mafuta atatia wapi. Akamtoa na mashine ya tustroki, yaani injini inayochoma oili pamoja na petroli, yenye farasi zaidi ya 160, mkanda mfupi, kioo cha mbele kisichozidi kiganja, na pa kufungia mzigo hapana. Mashine yenyewe ni nzuri. Kwa mtu anayezunguka kilomita 60 Jumamosi alasiri na kurudi nyumbani kula, sina neno. Lakini kumpa mashine hiyo mtu aliyekwambia waziwazi kwamba anataka kufika Grand Marais na kurudi ni dhambi, na nikisema dhambi namaanisha dhambi.

Wanaoijua njia ile wanajua. Maili 146 kutoka Duluth hadi Grand Marais, kama kilomita 235. Haipiti ufukweni mwa Ziwa Superior. Imepanda juu mgongoni, ndani ya msitu, na ukitaka mafuta au supu unashuka kwa vijia vya pembeni kwenda Two Harbors, Silver Bay, Finland (kijiji cha hukuhuku Minnesota, si nchi ya Ulaya), Tofte au Lutsen. Usiposhuka kwa sababu una haraka, msitu haukuuzii kitu.

Siku ile tulikuwa wanne. Kosa la kwanza lilikuwa langu: tuliondoka saa sita mchana badala ya saa mbili asubuhi, na mimi ndiye niliyekuwa kiongozi. Theluji mpya ilikuwa imeanguka usiku na trekta la kusawazisha lilikuwa bado halijapita. Kijana akawa anafungua mafuta, anapotea mbele, halafu anarudi kututafuta, anageuza, anapotea tena. Katika theluji laini, kwa mwendo ule, sledi yake ilikuwa inakunywa lita moja kwa kilomita nne. Yangu ilikuwa inakwenda kilomita nane. Tangi lake lita 36. Pigeni hesabu wenyewe, mkikumbuka kwamba kila kilomita tuliyokwenda sisi, yeye alikuwa ameipita mara mbili. Hatukufika Finland.

Tulipoanza kunyonya mafuta kutoka tangi langu, alivua glavu ili aushike mpira vizuri. Petroli ikammwagikia. Watu wa nyumbani hawajui hili na sikuwahi kufikiri nimwambie: petroli haigandi kwa baridi ya huku. Inabaki majimaji, ila ina baridi ileile ya hewa, na ikigusa ngozi inaruka kama mvuke na kuondoka na joto lote lililobaki. Alipiga kelele mara moja tu. Kile kidole kilikuwa tayari kimechoka, maana eksileta ya sledi inabanwa kwa gumba la kulia mchana kutwa. Kilipona. Ngozi ilibanduka yote, na mpaka leo akigusa maji baridi anaurudisha mkono.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori, Dar es Salaam hadi Tunduma. Usiku kabla ya safari aliketi sebuleni na kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji, akaandika kwa penseli: Chalinze, Morogoro, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Iringa, Mafinga, Makambako, Mbeya. Pembeni ya kila jina aliweka alama yake: pa dizeli, pa fundi anayeaminika, pa kulala na lori likalindwa. Kabla ya mlima wa Kitonga aliandika saa, kwa sababu hakutaka kuupanda usiku. Sikumsikia hata siku moja akitaja farasi wa lori lile. Utingo wake ndiye aliyekuwa akisifia injini. Baba alijua lori linakula kiasi gani likiwa na mzigo na kiasi gani likiwa tupu, na hilo lilimtosha kupanga safari ya zaidi ya kilomita 900.

Ninapopanga safari ya theluji nafanya hivyohivyo, na ndiyo sababu naona tunalinganisha sledi kinyumenyume. Tunaanza na mashine, kisha tunailazimisha safari iifuate. Anza na safari. Kilomita ngapi kati ya mafuta na mafuta? Kata theluthi moja ya uwezo wa tangi lako, ibaki kwa ajili ya theluji mpya, upepo wa mbele na njia iliyofungwa inayokulazimisha kuzunguka. Kilichobaki ndicho kipande chako cha siku. Mwanga wa Februari unaisha kama saa kumi na moja na nusu jioni, kwa hiyo hesabu saa zako kuanzia hapo kurudi nyuma. Mwendo wa kundi ni mwendo wa yule wa nyuma kabisa, na mafuta ya kundi ni ya yule mwenye tangi linaloisha kwanza. Ukishayajua hayo, nusu ya sledi zilizopangwa dukani zinajiondoa zenyewe.

Sasa mashine. Mimi ni mtu wa injini za fostroki, sifichi. Naendesha Ski-Doo yenye injini ya Rotax 900 ACE. Haina mbwembwe, inanguruma kwa chini, haichanganyi oili na petroli, na nikiiendesha kwa utulivu tangi moja linanipitisha kituo kimoja cha mafuta bila wasiwasi. Mkanda wake ni wa inchi 137. Mkanda wa inchi 120 na kitu unakata kona vizuri sana, lakini njia ikishachimbika matuta, kila tuta unalipokea kwa uti wa mgongo; wa 137 unalipita juu kwa juu. Ukifika 146 unapata msaada kwenye theluji ya kina bila kupoteza sana kwenye njia. Zaidi ya hapo, na meno marefu ya inchi mbili na nusu, hiyo ni mashine ya milimani, iacheni iende milimani. Kioo kirefu. Vishikio vyenye joto na kipasha joto cha gumba kinachofanya kazi, kijaribuni dukani kabla hamjalipa. Kiti ambacho mmekikalia dakika 20 nzima, si mbili. Pa kufungia mkoba na galoni ya akiba.

Wenzangu wa tustroki wananiambia sledi zao ni nyepesi. Haya, ni kweli. Fostroki inazidi kwa makumi ya kilo, na ikizama pembeni ya njia usiku, kilo hizo unazihesabu moja moja kwa kiuno chako. Tena injini za siku hizi, 600R E-TEC ya Ski-Doo au 650 ya Polaris, hazili mafuta kama zile za zamani zilizokuwa zinatoa moshi wa bluu. Mtu mwenye mkono mtulivu anaweza kufika nazo mbali. Nimekubali. Lakini mkono mtulivu hauji na risiti.

Yamaha walitangaza mwaka 2023 kwamba wanaacha kutengeneza sledi, na za mwisho kwa soko la huku ni za mwaka 2025. Imeniuma, kwa sababu fostroki zao zilikuwa mashine za kuaminika mno na za mtumba bado ni biashara nzuri. Arctic Cat wa Thief River Falls nao wamepita kwenye misukosuko, uzalishaji ukasimama, kisha mwaka 2025 wakapata wamiliki wapya. Kwa hiyo kabla hujasifia rangi, uliza fundi na vipuri viko wapi kwenye njia yako. Belti, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye mkanda, ikikatika Tofte na ya akiba huna, nembo haikusaidii.

Mambo mengine nayataja kwa mkupuo. Belti ya akiba, plagi, kamba, tochi na viberiti viwe kwenye sledi, si kwenye gari lililobaki Duluth. Nguo ya ndani iwe ya sufu, pamba ikilowa jasho haikauki tena. Simu ikae kifuani, baridi inaua betri. Ziwa dogo usilivuke bila kujua unene wa barafu. Maliasili wa jimbo wanasema inchi 5 hadi 7 za barafu mpya na safi kwa sledi, na mimi nasubiri zaidi. Njia za Minnesota ni zaidi ya maili 20,000, na wanaozitunza kwa sehemu kubwa ni wanachama wa vilabu wanaojitolea. Nyingi zinapita kwenye mashamba ya watu waliokubali tu kwa hisani. Ukitoka nje ya njia unawafungia wengine lango.

Na theluji yenyewe msiichukulie kama haki yenu. Majira ya baridi ya 2023 hadi 2024 yalikuwa ya joto kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa Minnesota. Hata mashindano ya Beargrease ya mbwa wanaovuta watu kwenye theluji, yaliyopewa jina la yule Mwanishinaabe, mwenyeji wa asili wa huku, aliyesafirisha barua akivutwa na mbwa kwenye pwani hii karne ya 19, yalifutwa. Sledi yangu haikutoka gereji. Waliolazimisha kuendesha kwenye theluji nyembamba walichemsha injini na kuyeyusha plastiki za chini ya mkanda, kwa sababu theluji ndiyo inayovipoza.

Kuna kitu kimoja nataka kukisema taratibu. Majira ya baridi ya mwaka 1934, huko Valcourt, Quebec, fundi kijana Joseph-Armand Bombardier alimpoteza mwanawe Yvon, mtoto wa miaka miwili. Mtoto aliugua tumbo, barabara zilikuwa zimefunikwa na theluji, hospitali ilikuwa mbali, na mashine ya kwenda juu ya theluji aliyokuwa akiihangaikia gereji haikuwa tayari. Mwaka 1959 kampuni yake ikatoa Ski-Doo. Kila ninapokaa kwenye kiti cha sledi namkumbuka yule mtoto. Mashine hii ilitafutwa na mzazi aliyetaka kufika. Na Edgar Hetteen, mmoja wa waanzilishi wa Polaris, mwaka 1960 alitoka Bethel na wenzake watatu wakaivuka Alaska hadi Fairbanks, zaidi ya maili 1,000, kwa injini ambazo leo kijana angeziona ni za kukatia majani. Na walifika.

Kijana wetu hakuiuza sledi yake. Ameweka kioo kirefu, amefunga rafu ya galoni nyuma ya kiti, na Januari mwaka huu tulikwenda pamoja hadi Finland na kurudi, yeye akiwa nyuma yangu njia nzima. Bado naamini alipaswa kuuziwa kitu kingine, na bado nataka yule muuzaji ajue kidole kile kilivyokuwa.

Wewe wa Saint Paul, nitakupigia Jumapili baada ya ibada. Kabla sijapiga, chukua karatasi uandike: Duluth, Two Harbors, Finland, Tofte, Grand Marais. Piga simu kila mahali uulize pampu inafungwa saa ngapi, maana nyingine zinafunga mapema siku za kazi. Nisomee majibu, halafu ndipo tuzungumze sledi.