Kabla ya Kusifu Mipira ya Matone, Pimeni

Kila kiangazi kikibana huku kwetu Kilifi, Magarini au Langobaya, hakosi mtu wa kusema dawa ni umwagiliaji wa matone, yaani mipira yenye vitundu vinavyodondosha maji kwenye mizizi ya mimea. Mipira inaletwa, picha zinapigwa, kisha tunaambiwa shamba sasa halipotezi maji. Limepimwa lini, na kwa kipimo gani?

Yako makadirio ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, yanayotumika sana: katika maji yanayofika shambani, umwagiliaji wa mfereji hunufaisha mimea kwa asilimia 60 hivi, vinyunyizi 75, matone 90. Siyapingi. Ila hayo ni ya mtambo unaofanya kazi sawasawa, na sisi mto wetu ni Sabaki. Tope lake wakati wa mvua ndilo linaloigeuza bahari ya Malindi kuwa ya kahawia. Maji hayo ukiyavuta kwa pampu moja kwa moja hadi kwenye mipira, bila tangi la kutulizia tope wala chujio linalosafishwa, vitundu vinaziba. Bamia za mwanzo wa mstari zinaoga, za mwisho zinanyauka. Mkulima naye, kwa huruma ya zile za mwisho, anaiacha pampu iendelee. Petroli inateketea, maji yanazama chini kusiko na mizizi, na kwenye ripoti bado ni asilimia 90!

Kupima hakuhitaji mhandisi. Tafuta makopo ya ukubwa mmoja, yatege chini ya vitundu mwanzoni, katikati na mwishoni mwa mistari, fungulia maji kwa muda uleule, kisha pima kila kopo. Chukua wastani wa robo ya makopo yaliyopata kidogo zaidi, ugawanye kwa wastani wa makopo yote. Ukipata asilimia 90, mtambo ni mzima. Ukishuka chini ya 70, usiniambie habari ya teknolojia ya kisasa, safisha chujio kwanza.

Nao mfereji unasingiziwa. Kwa hesabu hizohizo za FAO, mfereji mrefu wa udongo unaopita kwenye mchanga hufikisha asilimia 60 tu ya maji shambani, ilhali uliosakafiwa hufikisha 95. Yaani ukiunganisha mfereji wa mchanga na umwagiliaji wa kawaida wa mfereji, ule wa asilimia 60 shambani, mimea inapata asilimia 36 ya maji yaliyotoka mtoni. Ukiusakafia tu, inafika 57, na hujagusa mpira hata mmoja. Kwa kikundi chenye fedha kidogo, mimi ningeanzia hapo.

Kwa wanaotegemea visima vya karibu na bahari hesabu inabadilika tena. Maji yakiwa na chumvi, lazima uongeze kidogo juu ya mahitaji ya mmea ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Mtathmini asiyejua hilo atakuandika mbadhirifu.

Halafu kuna jambo ambalo wafadhili hawapendi kuulizwa. Mkulima akiokoa maji, aghalabu hupanua shamba, na sina ubavu wa kumlaumu. Lakini mto haujapata nafuu yoyote, na visima vya Baricho, vinavyonywesha Malindi, Kilifi hadi Mombasa, vinategemea Sabaki huohuo. Kwa hiyo mradi ukija kwetu na mipira, tuudai mambo mawili kwenye mkataba: fedha za chujio na vipuri, na vipimo vya makopo vya msimu wa pili, vibandikwe kwa chifu kila mtu avisome.