Injini ya Gari la Porini Ijengwe kwa Ajili ya Magadi, Si Nairobi

Anayefungua injini ya petroli ya Land Rover ya zamani au Land Cruiser FJ40 hapa Nairobi hakosi mtu wa kumshauri aweke pistoni za kompresheni ya juu, yaani zinazoubana zaidi mchanganyiko wa hewa na petroli. Utaambiwa hivyo kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road, utaambiwa na wachonga silinda wa Industrial Area, na wapenzi wa magari ya porini watakuambia tena kwenye WhatsApp. Hoja yao ni moja: mji wetu uko juu, hewa ni nyepesi, basi injini inaweza kubanwa zaidi bila kugonga, yaani bila mchanganyiko kulipuka wenyewe ndani ya silinda. Ni kweli, ila ni kweli gari likiwa Nairobi. Gari la porini halijengwi ili lizunguke Ngong Road.

Tuanze na hesabu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huku shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Silinda inavuta hewa pungufu, kwa hiyo hata ikibanwa sana, shinikizo la mwisho halifiki lile la pwani. Ndiyo maana geji ya kupima kompresheni huwatia watu hofu bure. Kitabu cha gari kinasema psi 150, geji inasoma 123, mwenye gari anaambiwa ringi zimekwisha. Ringi huenda ni nzima kabisa. Ni hewa yetu tu.

Sasa tazama faida. Kutoka kompresheni ya 8:1 (mchanganyiko kubanwa hadi sehemu moja ya nane ya ujazo wake) hadi 9:1, hesabu ya kinadharia inakupa nyongeza ya asilimia 3 hadi 4 ya nguvu kwa mafuta yale yale. Mwinuko umekula 18, pistoni inarudisha 4. Mtu akikuahidi kwamba pistoni pekee zitalifanya gari lipande mlima wa Limuru kama liko Mombasa, anakuuzia ndoto. Nguvu iliyopotea kwa sababu ya hewa hurudishwa na turbo au na injini kubwa zaidi.

Hata hivyo siipingi kompresheni. Asilimia 4 si haba kwa injini nzito, na gari huijibu pedali upesi zaidi. Ninachopinga ni kuchagua kipimo kwa kuangalia hewa ya Nairobi.

Chukua barabara ya Magadi, inayoshuka Bonde la Ufa. Unatoka Kiserian, unateremka kupita Olorgesailie, na katika muda mfupi uko mita 600 hivi. Shinikizo la hewa limepanda kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya lile la Nairobi, joto linaweza kukaribia nyuzi 40, na gari limebeba maji, mahema, jeki na mitungi ya mafuta. Halafu unaingia mchangani, gia ya chini, pedali imekanyagwa mpaka mwisho, injini inazunguka polepole. Hapo ndipo injini hugonga. Moto unaoanzia kwenye plagi husambaa kwenye chumba cha kuunguzia mafuta huku ukiubana na kuupasha joto mchanganyiko ambao bado haujaungua. Injini ikizunguka polepole, mchanganyiko huo unapata muda wa kutosha kulipuka wenyewe kabla moto haujaufikia. Mwenye sikio zuri atasikia kokoto zikitikiswa kwenye mkebe. Lakini madirisha yakiwa wazi na mchanga ukipiga chini ya gari, wengi hawasikii kitu mpaka ukingo wa pistoni umeshaliwa au gaskiti ya hedi imepasuka, nanyi mko mbali na fundi yeyote.

Kuna jambo lingine ambalo sioni likitajwa vya kutosha, nalo linaniudhi. Kabureta iliyopangwa kwa hewa nzito hutoa mafuta mengi mno kwa hewa yetu, kwa hiyo fundi mzuri wa Nairobi huweka jeti ndogo, ile tundu inayopitisha petroli. Kisha anasogeza distributa mbele kidogo ili cheche ije mapema, kwa sababu hapa injini inavumilia, na gari linakuwa tamu kuendesha. Kazi safi, kwa Nairobi. Teremka nayo bondeni: hewa imeongezeka, jeti ni ile ile ndogo, mchanganyiko umekuwa na mafuta machache na unaungua kwa joto kali, na cheche inakuja mapema mno. Ongeza pistoni za kompresheni ya juu juu ya hayo mawili. Kila moja peke yake huenda ingevumilika. Zikikutana zote siku moja, injini haina pa kukimbilia.

Wapo watakaosema, basi rudisha taiming nyuma, yaani cheche ichelewe. Ni kweli kugonga kutapungua. Ila ukirudisha taiming nyuma sana umeitupa ile asilimia 4 uliyoinunua, na joto linalotoka kwenye eksozi linazidi, mzigo wote unaishia kwa rejeta. Umelipa pesa ili ukae pale pale.

Petroli nayo ina sauti yake. Kompresheni ya juu inadai oktani ya kutosha, yaani uwezo wa petroli kuhimili kugonga, na mafuta ya taa yakichanganywa ndani, oktani hushuka. Tatizo la mafuta kuchakachuliwa si uvumi. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwavunja moyo wachanganyaji. Mjini unaweza kuchagua kituo unachokiamini. Ukiwa mbali na lami unajaza kilichopo, pengine kutoka kwenye mtungi. Land Rover wenyewe walilifikiria hili: injini yao ya petroli ya lita 2.25 ilipatikana kwa 7:1 na kwa 8:1, ile ya chini ikiwa kwa ajili ya nchi zenye petroli dhaifu. Hawakushindwa kuibana zaidi. Walijua itatumika wapi.

Na kabla hujanunua pistoni, jua uliyonayo sasa ni ngapi. Injini hizi zimeishi maisha marefu. Kila zilipochemka, hedi ilipelekwa kuchongwa, na kila ikichongwa chumba hupungua na kompresheni hupanda. Kupanua silinda kwa pistoni za saizi ya juu nako huongeza kidogo. Basi injini inayoandikwa 7.8:1 kitabuni huenda imeshapita 8 bila mtu yeyote kukusudia, halafu wewe unaiwekea pistoni zenye kichwa kilichoinuka. Pima kwa bureti, mrija wenye alama za mililita: jaza chumba cha hedi mafuta mepesi, soma ni mililita ngapi, ongeza unene wa gaskiti na nafasi iliyo juu ya pistoni. Ni kazi ya alasiri moja na haihitaji mashine ya bei. Fundi akikataa kupima akasema anajua kwa macho, ondoa injini yako hapo.

Jambo la mwisho la kiufundi ni nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Pistoni za kufuliwa (forged), ambazo wengi huziagiza kutoka nje, nyingi hutanuka kwa joto kuliko zile za kumiminwa, kwa hiyo zinataka nafasi kubwa zaidi. Mchonga silinda mwenye mazoea atakuchongea nafasi aliyoizoea, na pistoni itashika siku ya kwanza injini inapopata moto. Mpelekee karatasi ya mtengenezaji pamoja na pistoni zenyewe, na achonge akiwa nazo mkononi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kwa injini ya zamani yenye hedi ya chuma cha kumiminwa na kabureta, panda ngazi moja tu. Aliye na 7 aende 8, aliye na 7.8 aishie 8.5. Fedha iliyobaki iende kwenye rejeta mpya, pampu ya maji na valvu zilizokaa sawasawa. Kisha taiming ya mwisho isiwekwe Nairobi. Beba taa ya taiming na jeti kubwa ya akiba, teremka hadi Olorgesailie na mzigo wako wote garini, upange injini huko chini kwenye joto.