Sakafu ikicheza na kwaya: tukimbie au tuendelee kuimba?

Kampala ina ghorofa nyingi zilizochorwa kuwa ofisi ambazo leo ni kanisa, jimu au ukumbi wa dansi. Kwaya ikikolea, maji ya mhubiri huchezacheza ndani ya glasi na taa ya mpangaji wa chini huanza kuyumba. Hapo watu hugawanyika. Wapo wanaosema jengo limeoza na siku zake zinahesabika. Wapo wanaojibu, na mwenye jengo huwa miongoni mwao, kwamba zege lina kawaida ya kucheza na hili limecheza miaka yote bila kuanguka. Wote wanategemea shahidi mmoja, ule mtikisiko, na shahidi huyo hajui wanachoulizana.

Aliyewahi kubeba ndoo ya maji kichwani anaijua fizikia yake. Maji humwagika pale hatua zinapooana na mchezo wa maji yenyewe, hata kama mbebaji hana haraka. Majani yanayotandazwa juu ya maji huua ule mchezo. Sakafu nayo ina mdundo wake. Kwa makadirio ya haraka, mhandisi huchukua 18 akaigawa kwa kipeuo cha pili cha milimita ambazo slabu, yaani sakafu ya zege, inanepa kwa uzito wake wenyewe. Chukua slabu ya Maxpan, yale matofali matupu ya udongo yanayopangwa kati ya mbavu za zege, iliyovuka mita 9 bila nguzo na kunepa milimita 9. Kipeuo ni 3, kwa hiyo sakafu hupiga mara 6 kwa sekunde.

Sasa kwaya inaimba wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, yaani watu wanaruka mara 2 kwa sekunde. Mbili si sita, lakini kishindo cha mguu hakisukumi kwa ulaini: ndani yake mna mapigo madogo ya 4 na ya 6 kwa sekunde. Hilo la 6 ndilo linaloamsha sakafu. Mpiga ngoma akishuka hadi mapigo 100, pigo la tatu linaangukia 5, nayo sakafu inatulia, na waimbaji ni walewale.

Kwa nini haikutikisika ilipokuwa ofisi? Hakukuwa na ngoma, hilo ni wazi. Lakini pia kuta za kugawa vyumba zilikuwa yale majani ya ndoo: zilinyonya mtikisiko na mara nyingine ziliishikilia slabu. Ili kupata ukumbi, kitu cha kwanza kubomolewa ni hizo kuta.

Wanaotuliza wenzao wana hoja nzito. Mwili wa binadamu ni mwepesi mno kuhisi. Anayekaa kimya ofisini husumbuliwa na mtikisiko ambao mchapuko wake, yaani kasi yake inavyobadilika, ni asilimia 0.5 tu ya ule wa mvutano wa dunia. Ukifika asilimia 5 atatafuta ngazi, ingawa kwa slabu hiyo ni kama kuongezewa asilimia 5 hivi ya uzito wake. Julai 2011, jengo la Techno Mart mjini Seoul, lenye ghorofa 39, lilitikisika kama dakika 10 na mamia ya watu wakatolewa nje. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye kikundi kidogo cha mazoezi ghorofa ya 12, ambacho mdundo wake ulioana na wa jengo. Halikuanguka.

Hata hivyo, hofu ya upande wa pili ina msingi, ila imekaa mahali pasipo pake. Cha kuogopwa kwanza ni uzito. Waumini wakiwa vitini, mita moja ya mraba hubeba watu kama 2, tuseme kilo 140. Mkesha ukifika, viti vikaondolewa na watu wakasongamana 4 kwa mita, ni kilo 280. Ofisi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kilo 250 hadi 300 kwa mita ya mraba, ukumbi wa dansi 500. Kwa hiyo hesabu ya ofisi imeshaliwa kabla hajaruka mtu. Akiruka, kishindo chake kwa kitambo kidogo hufikia kama mara 3 ya uzito wake. Afadhali umati mkubwa hauruki kwa pamoja kabisa, maana kuna wanaochelewa, na wanaosimama tuli hunyonya sehemu ya mtikisiko.

Na hapa wenye jengo wanakosea vibaya: sakafu tulivu si cheti. Slabu ya mita 3 yenye nondo chache na zege la maji mengi haitikisiki hata kidogo, kwa sababu ni fupi. Ugumu ni jambo moja, nguvu ni jingine.

Kupima mdundo si kazi ngumu. Ukumbi ukiwa mtupu, laza simu yenye programu ya kupima mtikisiko juu ya sakafu tupu, katikati ya nguzo na nguzo. Zulia litaharibu kipimo. Mtu wa kilo 75 hivi asimame karibu, ainuke kwa vidole vya miguu, kisha aviachie visigino vyote viwili kwa ghafla. Kwa ukumbi wa kuruka, kanuni ya zamani ya Uingereza ilitaka mdundo wa zaidi ya mara 8.4 kwa sekunde. Pungufu ya hapo, mhandisi afanye hesabu kamili. Nguvu ya slabu, simu haiwezi kuisema. Hiyo ni kazi ya michoro, kupima nondo na kukata sampuli za zege.

Dawa ambayo mafundi huikimbilia ni nguzo katikati. Mdundo hupanda kweli, kinadharia hadi mara 4. Lakini nondo za slabu ile ziko chini, na juu ya nguzo mpya zege huvutwa upande wa juu, mahali pasipo na nondo, likapasuka. Nguzo hiyo pia inataka boriti ya kushika mbavu kadhaa na msingi wake hadi ardhini, ikipitia katikati ya maduka ya watu. Sakafu iliyolala juu ya ardhi haina hesabu yoyote kati ya hizi, ila duka hulipa kodi kubwa zaidi huko chini kuliko kanisa.