Kabla ya Kumkabidhi Mtu Kipaza Sauti cha Banda Lako

Kila mwaka, ifikapo mwezi wa tano, wenzangu wenye biashara ndogo na za kati hapa Dar es Salaam huanza kuulizana swali moja: nani anamfahamu mtu mzuri wa kusimama bandani kwenye maonesho ya biashara ya Sabasaba? Majibu huwa ni yale yale. Mmoja humtaja mshereheshaji aliyeongoza harusi ya mdogo wake, mwingine humtaja mtangazaji wa redio ambaye sauti yake inafahamika kuanzia Mbagala hadi Tegeta, na wa tatu hupendekeza watafutwe wadada wawili warembo, wavalishwe fulana za kampuni, yaishe. Nimekwisha kuyajaribu yote matatu kwa fedha zangu mwenyewe, na maoni yangu ni kwamba tunakosea pale tunapoanzia, kwa sababu tunatafuta mtu wa kuongea ilhali sehemu kubwa ya kazi ya bandani ni kumfanya mgeni aongee.

Ninauza pampu za maji zinazoendeshwa kwa umeme wa jua. Mwaka wangu wa kwanza katika maonesho nilimkodi mshereheshaji wa harusi, kijana mchangamfu kweli kweli, na kabla ya adhuhuri banda letu lilikuwa limejaza watu kuliko mabanda yote ya mstari ule. Aligawa kofia, akachezesha watoto, akawatania mashabiki wa Simba na Yanga hadi wakacheka pamoja. Ndipo akasogea mzee mmoja kutoka Mkuranga, amevaa kanzu na kushika mfuko mkononi, akauliza kwa sauti ya chini kama ile pampu iliyokuwa mezani ingefaa kisima chake ambacho maji yake yako mita 30 chini. Kijana wetu akamjibu kwenye kipaza sauti, "Mzee wangu, hii inavuta hata Bahari ya Hindi, wewe leta ndoo tu!" Watu wakaangua kicheko. Mzee naye akatabasamu, akaikunja karatasi aliyokuwa amechorea kisima chake, akairudisha mfukoni na kuondoka.

Jibu la kweli lilikuwa hapana. Pampu inayokaa juu ya ardhi haivuti maji yaliyo zaidi ya mita saba au nane chini yake, hata iwe na nguvu kiasi gani, kwa kuwa kinachoyapandisha maji kwenye bomba ni mgandamizo wa hewa, nao una kikomo chake. Lau kijana angemuuliza mzee maswali matatu tu, yaani maji yako umbali gani kutoka usawa wa ardhi, tangi litainuliwa kiasi gani, na shamba linahitaji lita ngapi kwa siku, angetambua kwamba aliyesimama mbele yake ni mnunuzi. Pampu ya kutumbukiza kisimani tulikuwa nayo. Ilikuwa ndani ya boksi lake, chini ya meza ile ile. Jioni tulipofunga hesabu tulikuta tumegawa kofia 200 na kuandika namba mbili za simu.

Simlaumu kijana yule, maana nilimwita afanye kazi ambayo si yake. Harusini mgeni amealikwa, ameketi, amepewa soda, na kazi ya mshereheshaji ni kumzuia asichoke kabla ya keki. Bandani mgeni anapita tu, ana watoto wanaodai aiskrimu, na masikioni mwake zinagongana spika za mabanda manne kwa wakati mmoja. Maonesho ya Kimataifa ya Biashara ya Dar es Salaam, ndiyo hayo ya Sabasaba, yanayosimamiwa na TanTrade, mamlaka ya serikali ya kukuza biashara, katika Viwanja vya Mwalimu Julius Nyerere, Barabara ya Kilwa, kwa kawaida huanza tarehe 28 Juni na kumalizika 13 Julai. Zaidi ya wiki mbili za vumbi la kipupwe na makelele ni muda mrefu kwa koo la mwanadamu, na asiyejua kuitunza sauti yake huwa anakwaruza kabla hata ya Sabasaba yenyewe, tarehe 7 Julai, kufika.

Kwa hiyo siku hizi simtafuti mtu kwa jina wala kwa video fupi anazonitumia kwenye simu, ambazo kila mtu hupendeza ndani yake. Namtafuta mwaka mmoja kabla, kwa miguu, katika viwanja vile vile, siku ya kazi ya wiki ya pili, saa kumi alasiri, wakati uchovu umekwisha kumvua kila mtu mapambo. Ndivyo nilivyompata dada mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika banda la majiko ya gesi. Alikuwa amekizima kipaza sauti. Alikuwa akimuuliza mama mmoja anapikia watu wangapi na mtungi mdogo humkalia siku ngapi, akalisikiliza jibu lote pamoja na habari za mkwe zilizokuwa ndani yake. Kisha akasema, "Mama, hapo pana hesabu ambayo fundi wetu anaijua kuliko mimi, njoo nikupeleke kwake." Akamvusha hatua tatu hadi kwa kijana mwenye daftari, akamweleza kijana yote aliyoambiwa ili mama asilazimike kuanza upya, ndipo akarudi mbele kumsubiri mwingine. Hatua tatu zile ndizo ninazozilipia.

Asiyeweza kusubiri mwaka mzima anaweza kuanzia kwa watu waliosomea jukwaa. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo haiko mbali, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kinafundisha sanaa za maonesho, na mtu aliyefunzwa kupumua na kutupa sauti bila kupiga kelele ataimaliza kazi akiwa bado anasikika. Hata hivyo cheti cha jukwaa hakitoshi, maana waigizaji wengine hupenda sana kumaliza sentensi zao.

Usaili wangu ni rahisi. Nampa mtu kurasa mbili za maelezo ya bidhaa wiki moja kabla, kisha namwita ofisini, na wafanyakazi wangu watatu wanajifanya wageni: mwanafunzi anayetaka kalamu ya bure, mnunuzi wa shirika mwenye haraka, na mkulima mwenye swali ambalo jibu lake halimo katika kurasa zile. Huyo wa tatu ndiye mtihani. Anayebuni jibu hapati kazi, hata awe na sauti ya asali. Anayesema hajui kisha akakaa kimya naye bado. Nataka anayesema hajui na papo hapo akamwita fundi. Kuhusu urembo, nitasema tu kwamba tangazo la kazi linalotaja sura na umbo kabla ya bidhaa humweleza kila mwombaji kwamba mwenye banda hana cha kusemwa.

Mkataba uandikwe, hata kama mmejuana tangu shule. Utaje saa za kazi, mapumziko, nani anampokea wakati wa chakula, nauli ya jioni, na kama picha na video zake zitatumika baada ya maonesho. Utaje pia kama kiasi mlichokubaliana ni kabla au baada ya kodi ya zuio, ile ambayo mlipaji huikata kwenye malipo na kuipeleka serikalini, na ambayo kwa malipo ya huduma kwa mkazi ni asilimia 5. Nimeona urafiki ukivunjika kwa sababu ya asilimia hizo tano ambazo mmoja aliziona ni wizi. Jambo jingine ni namba za simu zinazoandikwa daftarini. Tangu ilipoanza kutumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 si hiari tena kumweleza mgeni namba yake inachukuliwa kwa ajili gani, na anayepaswa kulisema hilo kwa maneno ya kawaida ni huyo huyo aliyesimama mbele.

Dada yule wa majiko tulifanya naye kazi misimu miwili, na katika msimu wa pili daftari lilijaa vina vya visima kutoka Rufiji, Kisarawe na Bagamoyo, namba za simu zikiwa pembeni. Mwaka huu nilimpigia mwezi wa tano kama ilivyo desturi yetu ya kuchelewa. Akanijibu kwa upole, "Kaka, wenzako walinipigia tangu mwezi wa pili." Sikuwa na la kumwambia zaidi ya kumtakia kheri. Jumamosi nina miadi Bagamoyo na vijana wawili aliowapendekeza yeye mwenyewe, na pampu zote mbili, ya juu na ya kisimani, zimekwisha kupakiwa kwenye gari.